Tonge la Hafidh

Sisi wa banda la viungo la Bwana Mmanga, hapa Mtambile, Pemba, hatumtengi mtu. Naliandika hili mwanzo kabisa asije mtu wa Unguja akakupotosheni. Banda letu lina mlango mmoja, choo kimoja, mtungi mmoja wa maji ya kunywa na sinia moja la wali, na kila aliyeingia kufungasha manjano akatoka na vidole vya njano ni ndugu yetu. Mwenye kigugumizi tunamsubiri amalize. Aliyeachwa na mume tunampa pole. Hata mimi Jecha, niliyemaliza skuli kwa hesabu mbovu nikapewa kazi ya kubandika lebo, sijawahi kutupiwa neno baya, ukiacha yale ya kila siku kwenye sinia, ambapo mimi ndiye natakiwa kuwachekesha watu.

Na Hafidh naye hatukumtenga. Alikuwa anakula nje tu.

Hafidh alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, kijana mrefu, kofia ameivuta mpaka masikioni kama anayeogopa baridi isiyokuwapo. Hakuangalii usoni. Ukimwamkia, jawabu yake inatoka wakati wewe umeshakata kona. Ukimwambia "hebu njoo", anasimama kukutazama viatu, kwa sababu hujamwambia aje wapi na kufanya nini. Na msidhani alikuwa na kipaji cha kushangaza kilichojificha nyuma ya kofia ile. Hakuwa nacho. Alichambua pilipili manga kama sisi wengine, akatoa vijiti na vijiwe. Hachelewi, haibi, hasengenyi. Hilo la mwisho ndilo lililotutia wasiwasi.

Mchana, baada ya sala ya adhuhuri, sinia likiletwa, Hafidh alikuwa anachukua kopo lake la muhogo na kwenda kukaa nyuma ya banda, jua lote lake. Watu walinung'unika chini kwa chini. Pemba tunasingiziwa uchawi na watu wa mbali, na sisi wenyewe tunasingiziana kwa karibu. Asiyetia mkono sinia ama ana kiburi, ama anadhani mmemtilia kitu. Hakuna la tatu.

La tatu lilikuja na mnunuzi. Kampuni moja ya nje, iliyotaka kuchukua mdalasini na manjano yetu, iliuliza kama banda linawapa nafasi wafanyakazi ambao bongo zao zinaipokea dunia kwa njia nyengine. Ikasema itampeleka bibi mmoja kutoka Unguja, kazi yake kuwasaidia waajiri kujikagua na kurekebisha. Bwana Mmanga akatukusanya.

"Anakuja mgeni," akasema. "Anatafuta watu wenye usonji na mambo ya namna hiyo. Anataka kuona tunakaa nao vipi. Sasa, sisi tunaye?"

Tukatazamana kama wanafunzi walioulizwa nani kavunja kioo.

"Labda Hafidh," akasema Bi Saada, mkubwa wetu kwa umri, mwanamke ambaye hata Bwana Mmanga humwamkia kwanza.

"Hafidh ana usonji?"

"Miye nnajuaje? Nnajua hali na sisi."

"Basi ndiye huyo!" Bwana Mmanga uso ukamchanua. "Alhamdulillahi. Tunaye mmoja."

Akapanga mambo palepale. Banda lifagiliwe, choo kitiwe dawa, na mchana wa siku hiyo Hafidh ale na sisi, katikati, mgeni aone kwa macho yake.

"Na akikataa?" nikauliza.

"Atakataaje, Jecha? Wali wa nazi!"

*

Bi Nusaiba alishuka na begi moja na macho ya mtu aliyelala kwenye meli bila ya kulala. Tulitegemea bibi wa suti, akaja mwanamke wa makamo mwenye ndara zenye tope, anasalimia mmoja mmoja kwa jina baada ya kuulizia jina. Bwana Mmanga, kanzu nyeupe kama karatasi, akamshika Hafidh bega na kumsogeza mbele. Nimewahi kuona mbuzi akisogezwa vile siku ya mnada.

"Huyu ndiye wetu," akasema. "Ana kipaji, bibi. Akishika pilipili anakwambia imetoka shamba gani. Hafidh, mwambie mgeni, hii imetoka wapi?"

Hafidh akaitazama punje ile ya pilipili.

"Kwenye gunia," akasema.

Tulicheka. Bi Nusaiba hakucheka.

"Hafidh, kazi yako unaipenda?" akamuuliza.

"Anaipenda sana," akasema Bwana Mmanga.

"Nimemuuliza yeye, bwana."

"Ndiyo, mimi namsaidia tu, maana huyu mpaka jawabu ije, boti imeshaondoka."

Ikaletwa sinia. Umeme ulikuwa umerudi asubuhi ile, kwa hivyo mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma kwenye kona, na hakuna mwenye akili Mtambile anayezima mashine wakati umeme upo. Hafidh akakalishwa baina yangu na Bwana Mmanga, goti kwa goti. Mikono yote ikaingia. Yeye akakaa na mikono yake imebanwa mapajani, midomo inacheza bila sauti.

"Kula, mwanangu," akasema Bwana Mmanga, anamtazama mgeni.

Hafidh hakula.

Hapo tajiri wetu akafanya jambo la heshima kabisa, jambo ambalo ukifanyiwa na mtu mkubwa huna budi kushukuru. Akafinyanga tonge zuri, akalitia kipande cha samaki wa changu, kisicho mwiba, akalipeleka kwa mkono wake mwenyewe mpaka mdomoni mwa Hafidh.

Sijui niseme alisimama au alilipuka. Goti lake lilipiga ukingo, sinia likapinduka, mchuzi wote ukaenda kwenye ile kanzu. Hafidh akatoka mbio, mikono masikioni, akaacha ndara zake mlangoni.

Mashine ikaendelea na kazi yake.

"Mmeona?" Bi Saada akawa wa mwanzo. "Anatuogopa. Anaona tutamlisha kitu. Miye na umri wangu huu, nimwekee ntoto wa watu kitu?"

"Astaghfirullah," wakaitikia wengine.

Bi Nusaiba alikuwa anaokota samaki kwenye mkeka. Akauliza bila kuinua kichwa: "Nani alimuuliza kama anataka kukaa hapa?"

Kila mtu akamtazama mwenziwe. Mimi nikatazama punje za wali zilizoganda kwenye lebo zangu.

"Akae nyumbani kwanza," akasema Bwana Mmanga, anaikung'uta kanzu. "Mpaka nyoyo zipoe."

*

Nyumba yao na yetu zinagawana ukuta wa udongo. Niliyoyaona nimeyaona, niliyoyasikia nimeyasikia, na yaliyobaki mama yangu aliyapata kisimani, ambako hakuna siri inayolala na kiu.

Nyumba ilikuwa ya watu watatu na mtoto mchanga. Bi Kazija, mama, magoti yake yalikuwa yamekwisha kwa kuinama kwenye mashamba ya watu. Yumna, dada mtu, alikuwa amerudi kwa mamake na kichanga mgongoni na talaka mkononi. Mchele wa nyumba ile, mafuta ya taa siku umeme ukikatika, dawa ya magoti, vyote vilitoka kwenye pilipili ya Hafidh. Hazikuwa nyingi hizo fedha. Zilikuwa zinatosha watu wasiende kukopa kwa macho ya huruma.

Sasa zikasita. Yumna alikwenda dukani kuchukua sukari ya kupimiwa, mwenye duka akaifunga kwa utulivu, akamkabidhi, akasema mbele ya wateja: "Na kakako je, bado anatuona sote wachawi?" Watu wakacheka kidogo, kicheko cha heshima. Yumna akachukua sukari. Angefanya nini? Ilikuwa ya mkopo.

Hafidh mwenyewe kila asubuhi alivaa, akavuta kofia, akatoka mpaka mlangoni, akarudi.

"Leo?" anamuuliza mamake.

"Leo si leo, mwanangu."

"Kesho?"

Bi Kazija akaona hana njia ila kwenda kuomba radhi. Akapika mkate wa kumimina, akautia kwenye sahani yake nzuri ya maua, akaufunika kitambaa, akachechemea nao mpaka nyumbani kwa Bwana Mmanga. Akakaribishwa barazani. Mke wa Bwana Mmanga akaupokea mkate kwa shukrani na kuingia nao ndani, na Bi Kazija akabaki pale peke yake na magoti yake. Akasikia watoto ndani wanagombania kipande cha mwisho. Ndipo Bwana Mmanga akatoka.

Si mtu mbaya, Bwana Mmanga. Angekuwa mbaya hadithi hii ingekuwa fupi.

"Bi Kazija," akasema, "mimi sina kinyongo. Kanzu inafuliwa. Lakini watu wangu wameumia. Tonge nimelitengeneza kwa mkono wangu, mbele ya mgeni, likakataliwa kama lina sumu. Wewe mwenyewe mtu wa hapahapa, unajua maana yake."

"Si hivyo, bwana. Yeye ndivyo alivyo tokea mdogo. Hata miye nnampakulia kando."

"Sasa hilo ndilo kosa, dada yangu. Mmemzoesha." Akafikiri, au alijifanya kufikiri. "Aje Jumamosi. Tonge moja tu. Atie mkono sinia, ale mbele ya watu, awape mkono, yameisha. Kazi yake ipo."

"Na asipoweza?"

Bwana Mmanga akamtazama kama aliyeambiwa mtu hawezi kupumua.

"Bi Kazija. Tonge!"

*

Basi wakaanza kumfundisha kula.

Nilisikia yote kupitia ukuta, na sikuwa na la kufanya maana ilikuwa Ijumaa, banda limefungwa, na nilikuwa nimelala kitandani kwangu mchana, mgongo kwenye ukuta huohuo. Bi Kazija aliazima sinia kwetu. Mama yangu alilitoa bila kuuliza, jambo ambalo halijapata kutokea.

"Kaa hapa, baba. Yumna, njoo, tia n'kono. Na miye natia. Haya, weye sasa. Tonge moja tu."

Nikasikia mikono miwili tu kwenye sinia.

"Hafidh. Moja tu, mwanangu. Unafumba macho, unameza, unakwenda zako kazini."

"Mama, humfundishi, unamtesa," akasema Yumna.

"Nyamaza! Weye una mwanao wa kumnyonyesha, hujui kitu. Miye nkifa leo, nani atampakulia kando? Weye? Utaolewa tena, utakwenda zako. Watu watamwambia kula, na asipokula watamwacha na njaa. Haya, Hafidh. Bismillahi."

Nikasikia sinia likikwaruza sakafu. Kisha sauti ya mtu anayemeza kitu kisichotaka kumezwa. Kisha miguu mbio mpaka mlangoni, na kutapika.

Halafu sauti yake, ileile isiyopanda wala kushuka: "Nimekula, mama. Nimekula. Kesho naenda kazini?"

Hapo nikatoka kitandani nikaenda nje, nikajifanya nafagia uwanja. Kijana mzima kufagia uwanja mchana ni ushahidi wa kutosha kwamba ana jambo, lakini hakuna aliyekuwa ananitazama. Bi Nusaiba, aliyekuwa bado hajarudi Unguja, alikuwa anakuja kwa njia ya migombani, ndara mkononi.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, karibu," akasema Yumna, huku anamwaga mchanga juu ya matapishi.

Bi Nusaiba akaona mchanga, akaona sinia, akamwona Bi Kazija amekaa kitako, mkono umejaa wali. Hakuuliza. Akakaa juu ya mkeka mbali kidogo na Hafidh, pembeni yake, si mbele, wote wawili wanatazama mlangoni.

"Hafidh," akasema, "pale kazini kitu gani kigumu?"

Tukasubiri. Nasema tukasubiri kwa sababu na mimi fagio langu lilisimama. Bi Kazija akafungua mdomo amjibie, Bi Nusaiba akainua kidole kwa adabu. Jogoo akapita, akaparura, akachoka, akaondoka.

"Kutafuna," akasema Hafidh.

"Kutafuna kwako?"

"Kwa watu. Nasikia wote. Kwenye kichwa. Na mashine." Akavuta kofia. "Na mikono kwenye wali. Mchuzi wa mkono wa huyu unakwenda kwa huyu."

"Na unawaogopa wenzako? Unadhani wametia kitu?"

Safari hii jawabu ilikuja mbio. "Wametia chumvi nyingi."

Yumna akacheka, akajiziba mdomo kwa mtandio. Bi Kazija alikuwa anamtazama mwanawe. "Na hapa nyumbani, Hafidh? Hatutafuni?"

"Nyumbani mnatafuna wawili," akasema. "Nishawazoea."

Bi Kazija akaukung'uta wali mkononi, punje kwa punje, ndani ya sinia letu.

Yumna akamsindikiza mgeni mpaka uwanjani, karibu na fagio langu. "Utamwandikia vibaya Bwana Mmanga?" akauliza.

"Nikimwandikia vibaya, mnunuzi anakwenda kwengine, na banda zima linakaa nyumbani pamoja na kaka yako. Nikimwandikia vizuri, nimeandika uongo." Bi Nusaiba akavaa ndara. "Kila ninapokwenda naambiwa mambo mawili. Ama 'hapa kwetu hakuna watu hao', ama 'tunaye mmoja, njoo umwone'. Nimechoka na yote mawili, mwanangu."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitaomba sahani."

*

Jumamosi Bi Kazija alimleta mwenyewe. Hafidh alikuwa amevaa shati la Idi. Mamake akabaki mlangoni, ncha ya buibui ameiuma kwenye meno.

Ndani ya banda ubishi ulikuwa umeshaanza. Bi Nusaiba alikuwa ameomba mambo madogo mno mpaka tuliona aibu kwamba meli ilimleta mtu kwa hayo: mashine ya kusaga inyamaze wakati wa kula, Hafidh apewe kazi moja kwa wakati mmoja na aambiwe wazi, apate pembe ya kukaa isiyo na kelele, na ale kwenye chombo chake. Hayo ya mwanzo Bwana Mmanga aliyameza. La mwisho likamkwama.

"Bibi, wewe umekaa mjini," akasema. "Huku mtu na mwenziwe wanaaminiana kwa sababu wanatia mkono pamoja. Ukikosana na mtu, sinia linakupatanisha. Leo nimpe huyu sahani, kesho kila mtu atataka yake. Patakuwa hoteli hapa. Au vibaya zaidi, kila mtu atamtazama mwenziwe anakula nini."

"Kweli kabisa!" nikaitikia, kwa nguvu, maana yalinigusa. Na mpaka leo sisemi kwamba alikosea yote.

"Bwana Mmanga," akasema Bi Nusaiba, "mnunuzi hakuniuliza Hafidh anakula wapi. Ameniuliza kama anaweza kufanya kazi hapa bila kuumia."

"Tonge moja linamuumiza mtu?"

"Nimeona matapishi yake."

"Basi amekwishafanya mazoezi," akasema Bwana Mmanga, na nadhani alitaka kuwa mwema. "Hafidh, mwanangu, kaa. Ni moja tu, na mimi sitakulisha. Kula kwa mkono wako mwenyewe, watu watulie."

Sinia likawekwa. Wali, mchuzi, papa mkavu. Tukakaa, mikono yetu tumeiosha na tumeizuia, tunamsubiri yeye. Hafidh akamtazama mamake. Bi Kazija akainamisha kichwa: ndiyo. Akanyoosha mkono. Kifungo cha mkono wa shati kikawa kinagonga ukingo wa sinia, tik, tik, tik. Vidole vikagusa wali. Jasho lilikuwa limeshachora mstari kutoka kofiani mpaka kidevuni. Akafinyanga. Tonge likavunjika. Akafinyanga tena, na mdomoni mwake nikaona meno yanabana, yanakataa, na mkono unapanda hivyohivyo.

"Mwacheni," akasema Bi Saada.

Hakuna aliyefahamu kwamba ni yeye aliyesema.

"Nnasema mwacheni. Hafidh, weka chini hilo tonge. Weka, baba." Akavuta mguu wake mmoja kutoka chini ya doti la kanga akaunyoosha mbele yetu. Kidole gumba kilikuwa kimefungwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa kimelowa. "Miye nna sukari. Daktari kanikataza wali tangu mwaka jana. Kanambia nile muhogo kidogo, nile mboga, wali niuache. Na kila mchana nnakaa hapa nnakula nao, nnakwenda nyumbani miguu inawaka moto. Kwa nini? Kwa sababu nnaijua midomo yenu. Nnaijua kwa kuwa wangu ndio unaoanza."

"Bi Saada," akasema Bwana Mmanga, "na wewe?"

"Na miye. Nipakulieni kando. Na anayetaka kusema nnawaogopa, aseme hino saa, nipo, nnamsikia." Akamgeukia Hafidh, ambaye alikuwa bado ameshika tonge kama mtu aliyepewa moto akakosa pa kuuweka. "Kopo lako la muhogo umekuja nalo?"

Hafidh akafikiri. "Mama kalificha."

Watu wakageuka mlangoni. Bi Kazija, uso umemwiva kwa haya, akalitoa kopo chini ya buibui. Alikuwa amelileta, kama mtu anayekwenda harusini na sanda mkobani.

Bwana Mmanga akautazama mguu wa Bi Saada. Nadhani alikuwa anamkumbuka alipoajiriwa, miguu mizima.

"Haya, chukueni sahani," akasema. "Lakini sinia libaki."

"Libaki, nani kalifukuza?" akasema Bi Saada. Akanyoosha mkono kwenye kopo. "Nigaie kipande, baba. Na weye usiniangalie nkitafuna."

*

Msitegemee niseme kwamba tokea siku hiyo tukawa malaika. Bi Nusaiba aliondoka na meli, akaandika alivyoona, mnunuzi akaja. Bwana Mmanga siku hizi anawaambia wageni kwamba sahani zilikuwa fikra yake. Zile siku Hafidh alizokaa nyumbani hazikulipwa, na hakuna aliyeuliza. Sahani ya maua ya Bi Kazija haijarudi, na mwenyewe anasema haitaki, lakini anaisema mara nyingi. Mashine ya kusaga inanyamaza wakati wa kula ikiwa umeme umekatika, na umeme usipokatika inanyamaza Bi Saada akiwepo kazini. Siku yuko hospitali Mkoani kufungwa kidole, inanguruma.

Lakini Hafidh yupo. Amepewa pembe nyuma ya magunia ya mchaichai, karibu na kidirisha, na bakuli la plastiki la buluu. Anakula ameelekea ukutani. Akimaliza anaosha, anarudi kwenye pilipili. Salamu zake bado zinachelewa, nasi tumejifunza kupunguza mwendo.

Sinia nalo likaanza kupungua watu. Baada ya Bi Saada, mmoja akasema ana vidonda vya tumbo. Mwengine akasema pilipili inamchoma. Kumbe kila mtu alikuwa na lake alilokuwa analimeza pamoja na wali. Bwana Mmanga akahuzunika kweli, na mimi nikasimama naye kiume. "Wengine wote na waende," nikatangaza mbele ya banda zima. "Jecha na sinia ni mpaka kaburini!" Watu wakapiga makofi. Bwana Mmanga akanisogezea kichwa cha samaki.

Na kweli sijaliacha. Niulizeni.

Juzi tu, mchana, Hafidh alikuwa ameomba ruhusa ampeleke mamake hospitali kwa mambo ya magoti. Nikapita nyuma ya magunia ya mchaichai kuangalia usafi tu, maana mtu anapoondoka panaweza kuingia panya. Nikaona pako baridi. Kidirisha kinaingiza upepo, harufu nzuri. Nikakaa kidogo. Chakula nilikuwa nacho mkononi, siwezi kueleza kimefikaje. Nikaelekea ukutani. Kwa mara ya kwanza tokea niajiriwe nilikula bila ya kutakiwa kumchekesha mtu, nikasikia tonge linavyoshuka, na niseme kweli, lina ladha.

Kivuli kikaja juu ya ukuta. Nikageuka. Kofia mpaka masikioni.

"Si umekwenda hospitali?" nikasema.

Akasimama, anatazama ndara zangu.

"Daktari hayupo," akasema. Kisha akasubiri, na mimi nikasubiri. "Hapo pangu."

"Najua, kaka, najua. Nilikuwa nakulindia."

Akafikiri.

"Unakula," akasema. "Na bakuli langu."

"Hafidh, ndugu yangu, punguza sauti, watu wapo..."

Lakini Hafidh sauti yake haipunguzwi wala haiongezwi, nanyi mnajua. Akageuza kichwa upande wa pili wa magunia, kule walikokaa Bwana Mmanga na wachache wake wa mwisho, akatoa habari kama anavyotoa habari zote.

"Jecha yuko huku. Anakula peke yake."

Nikasikia sinia zima limeacha kutafuna.